Sanduku la Fundi Mimba

Lusajo, mwanangu,

Watu wakianza barua huulizana uzima. Wewe nimekuona asubuhi hii ukimaliza sahani nzima ya viazi na maharage, halafu ukachungulia sufuria kama vimebaki, kwa hiyo ni mzima. Mimi magoti yananiuma kama jana. Salamu zimekwisha.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ufunge mlango ukilala, wala uandike ukifika. Hayo nimekuimbia mwezi mzima na umeyachoka, naona unavyoitikia kabla sijamaliza. Arusha kuna watu, watakuonyesha duka la chumvi liko wapi. Ninalotaka kusema ni jingine, na nimelikalia miaka kumi na moja. Nimelikalia kweli, utaona.

Mwandiko huu unaujua, ni wa Bi Zuhura. Mimi sikusomeshwa. Baba yangu alisema ng'ombe hawachungwi kwa kalamu, akanipa fimbo. Ningeweza kumwomba mwinjilisti aniandikie, lakini nimemchagua Zuhura makusudi, maana jambo lenyewe linamhusu, na Tukuyu nzima ni yeye peke yake anayeweza kunikatiza nikianza kudanganya. Tumekaa nyuma ya nyumba yake hapa Bulyaga. Wewe uko Matwebe unawaaga wajomba zako. Mvua imepumzika kidogo. Mbele yetu kuna yale mawe tisa.

Naanza na Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, ukawa unapanga nguo zako kwenye begi, mimi namenya ndizi. Nikakuuliza kama sanduku la vyombo vya babu yako utalibeba mkononi au utalifunga juu ya basi. Ukacheka. Ukasema, "Bibi, randa na msumeno nitanunua hukohuko. Sitaki kufika kwa mteja wangu wa kwanza na sanduku la Fundi Mimba." Halafu ukalisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Kwa mguu, Lusajo. Nami nikasema, "Eeh." Nikaendelea kumenya.

Na wiki mbili kabla ya hapo ulinitandazia mezani ile karatasi yako kubwa, uliyochora baraza la mbao utakalomjengea yule mgeni, mteja wako wa Arusha, bustanini kwake. Ukanionyesha nguzo, ukanionyesha boriti, ukaweka kidole kwenye mistari myeusi. "Hii, Bibi, ni nafasi kati ya ubao na ubao. Mbao zikinywa maji zinavimba. Babu hakuacha nafasi, ndiyo maana lile la Bi Zuhura liliinuka. Sisi chuoni tumefundishwa siku ya kwanza." Nikatikisa kichwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa sikiliza. Babu yako aliacha nafasi. Mimi ndiye niliyeziziba.

Hapa Zuhura amesimamisha kalamu. Amesema, "Tuliziziba, Mama Tupo. Sema tuliziziba." Nimemwambia basi andika hivyo. Ameandika.

Wewe ulikuwa darasa la pili, mama yako hajamaliza mwaka kaburini. Ilikuwa miaka ile nchi ilipoanza kufunguliwa. Watu waliokuwa wanapanga foleni ya sukari tangu alfajiri wakaanza kuringa wakichagua rangi ya chupa ya chai. Zuhura alikuwa ameingia kwenye mitumba, anakwenda Dar na kurudi. Huko akaona hotelini, bustanini, sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa kutoka chini, watu wameketi juu yake wanakunywa soda na viatu vyao vikavu. Akarudi nayo kichwani. Binti yake alikuwa anaolewa, wageni wanatoka mpaka Kilwa kwa ndugu wa baba yake. Akaja kwetu Kyimo kwa miguu, akasimama uani, akamwambia babu yako, "Fundi Ambakisye, sitaki wakwe zangu wakae kwenye tope la Tukuyu. Nijengee baraza kama lile."

Babu yako hakuwahi kujenga kitu kama hicho. Lakini milango ya nusu ya Bulyaga ilikuwa ya mkono wake. Akasema atakwenda kuangalia pahali.

Alikwenda siku mbili na kigoda. Hakuwa na nyundo wala msumeno, kigoda tu. Anakaa kona hii ya bustani asubuhi, anahamia ile jua likipanda, anakaa tena jioni. Anamwaga maji chini kwa kopo na kuyatazama yanakokwenda. Anamuuliza Zuhura wazee watakaa upande gani, wapishi watapita wapi na masufuria, upepo ukitoka mlimani unaleta mvua kutokea wapi. Nilipoletewa habari nikasema mume wangu amepata kazi ya kukaa. Nilisema hivyo sokoni, kwa sauti. Mdomo wangu unaujua.

Siku ya tatu akafunga kamba na vigingi, na kamba hiyo hakuisogeza tena mpaka mwisho.

Mbao akaagiza Chunya, mkurungu, mti mwekundu mzito, ubao mmoja unabebwa na wanaume wawili na wote wanalalamika. Akachonga kila ubao, akatupa ule upande mweupe wa pembeni. Huo, alisema, ni chakula cha mchwa, kinachodumu ni moyo wa mti. Akazipanga chini ya paa la nyasi na vijiti katikati ili hewa ipite. Alitaka zikae miezi mitatu zizoee hewa ya kwetu. Zuhura alimpa wiki tatu, maana harusi haingoji ubao. Miguu ya nguzo akaichoma moto kidogo, akaipaka oili chafu, akaisimamisha juu ya mawe bapa tisa aliyoyachagua mwenyewe mtoni. Ndiyo haya ninayoyatazama. Hakuna hata moja lililozama. Zuhura baadaye alimwaga zege hapa pembeni, limepasuka sehemu nne.

Anasema ni tatu. Haya, tatu.

Siku aliyoanza kupigilia sakafu nilimletea chakula. Nikakuta ameshalaza mbao tano. Kati ya ubao na ubao alikuwa anasimamisha msumari wa inchi nne, anausukuma ubao mpaka uguse msumari, anapigilia, halafu anauchomoa msumari na kuupeleka mbele. Msumari uleule mmoja. Nikatazama zile nyufa.

Wewe umezaliwa kwenye saruji, hujui sakafu ilikuwa nini kwetu. Mama yangu alisugua sakafu ya udongo kwa jiwe mpaka ikang'aa kama mbegu ya parachichi. Mkwe akija hakuangalii usoni kwanza, anaangalia chini. Akiona ufa, anamuuliza mwanawe, "Umetuletea mke au panya?" Mimi nimeolewa kwa sakafu, Lusajo, sura yangu unaiona mwenyewe. Kwa hiyo nilipoona nyufa kwenye kazi ya mume wangu, uani kwa watu, niliona haya kama niliyevuliwa nguo.

Nikasema, "Baba Tupo, mbona sakafu yako ina mapengo kama kinywa cha mzee?"

Akasema taratibu, bado amepiga magoti, "Ni nafasi, Mama Tupo. Mbao hizi zimetoka Chunya, kwenye jua. Zina kiu. Zikinywa mvua ya huku zitanenepa."

"Mvua ya huku wewe unainywa tangu uzaliwe. Mbona hujanenepa?"

Vibarua walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Zuhura alikuwa mlangoni, akacheka akishika fremu. Akaja, akatazama, akaongeza la kwake. "Fundi, na hereni za wageni zikiangukia humo? Na visigino vya mawifi zangu? Hapana, mimi ndiye mwenye kazi. Ziba."

Babu yako hakumtazama mwenye kazi. Alinitazama mimi. Muda mrefu. Nami nikatazama chungu.

Akautia ule msumari mfukoni mwa shati. Akazing'oa zile mbao tano, akaanza upya. Tangu hapo alizibananisha, anagonga kwa kipande cha gogo mpaka hata jani la nyasi halipiti. Ilipokamilika ilikuwa kama meza ya mfalme. Nilivua viatu nikapita juu yake mara tatu mbele ya watu. Nikasema, "Hii sasa ndiyo sakafu."

Nyumbani alikula, akalala. Mimi nikadhani nimeshinda.

Mvua unaijua. Ilishuka wiki mbili mfululizo. Kwanza ubao mmoja ukainua bega. Babu yako akaenda na randa akaupunguza. Kesho yake ukainuka mwingine. Siku ya harusi katikati ya baraza palikuwa pamefura kama tuta la viazi, misumari imechomoza vichwa. Zuhura akatandika mikeka juu. Shangazi wa bwana harusi akapita na sinia la pilau, mguu ukakwama, akaenda chini na sinia lake, mkono ukateguka, pilau likaishia kwenye maua.

Watu walipokwisha kumwinua yule mama, mkwe mmoja akafunua mkeka, akaita wenzake. "Jamani, njooni muone! Sakafu ina mimba! Hii miezi mingapi?" Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Ila baba wa bwana harusi hakucheka. Aliuliza, "Fundi wa hii ni nani?"

Nafasi ilikuwepo, mwanangu. Mimi nilikuwa kwenye masufuria, mwiko mkononi, na mdomo uleule ninao. Zuhura alikuwa mlangoni.

Babu yako alisogea mbele kutoka uzioni, na koti lake la kanisani. "Ni mimi," akasema. "Nilikosea."

Zuhura akanitazama. Nikamtazama. Halafu akaita chai iletwe.

Zuhura anaandika hili polepole. Nimemuuliza kama tuache, tuendelee kesho. Amesema kesho hutakuwepo.

Basi jina likampata. Fundi Mimba. Hata mlango mmoja hakuagizwa tena. Mtu ambaye alitengeneza madirisha ya watu wakubwa akarudi kuchonga mipini ya majembe na vigoda vya kukamulia. Wewe ukarudi siku moja kutoka shule, kola imechanika, damu puani. Walikuita mjukuu wa Fundi Mimba ukapigana. Ukaniuliza, "Bibi, ni kweli Babu aliharibu?"

Nikakuambia, "Kula, chakula kinapoa."

La kwanza nilikosa kwa ujinga. Hili la pili nilikosa na akili zangu zote. Kama utanikasirikia, nikasirikie kwa hili.

Zuhura alituma ujumbe kwamba mbao ziondolewe. Babu yako akaazima mkokoteni, akazileta zote Kyimo kwa safari tano, anapita katikati ya watu nazo. Akaanza kujenga nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba, pale palipokuwa panatuama maji. Mimi nikakaa jikoni kumngoja anitukane. Nilikuwa nimeandaa majibu, Lusajo. Nilikuwa na majibu ya kutosha mwaka mzima. Nilisikia tu nyundo, halafu kimya kidogo anapouchomoa msumari, halafu nyundo. Siku sita. Kila nilipochungulia, ule msumari wa inchi nne umesimama kati ya mbao mbili.

Alipomaliza alichota ndoo ya maji akaimwaga juu. Maji yakapotea chini mara moja. Akaja mlangoni kwangu, akaniambia neno moja kwa lugha yetu: kaa.

Nikakaa. Mimi kulia, yeye kushoto. Tukakaa hapo kila jioni miaka kumi, tunaongea habari za ng'ombe, za bei ya chai, za wewe na viatu vyako visivyodumu. Hiyo habari hatukuigusa. Wewe umefanyia hesabu zako hapo, umeota jua hapo ulipougua homa. Najua ulivyodhani, ulidhani alijifunza baada ya kuharibu kwa Zuhura. Hakujifunza. Alikuwa anajua tangu kigoda.

Mwaka jana alipolala mgonjwa, baridi ile ya Juni, nilijaribu. Nilimshika mkono nikasema, "Baba Tupo, ile sakafu." Akafumbua macho. "Sakafu ipi?" akasema. Aliijua, bwana. Ni sakafu moja tu tuliyo nayo sisi wawili. Alinifungulia mlango wa kutokea, nami nikatoka mbio. "Hakuna," nikasema. "Lala." Akalala. Baada ya siku tatu tukamzika.

Tangu hapo nakaa upande wangu. Upande wake sikai, sijui kwa nini, ubao ni uleule. Wewe ulikuwa unakuja kukaa katikati na kikombe chako, huulizi kitu, na nilikuwa nakushukuru kimoyomoyo. Kuanzia kesho sijui. Sijawahi kupika ndizi tatu. Mkono wangu unajua kumenya mkungu, nikimenya tatu naona kama nimeanza kazi nikaitwa pembeni. Lakini usirudi kwa ajili ya ndizi. Nitampa jirani, nitampa mbwa.

Sasa kuhusu huyo mteja wako. Atakuwa na mke, au mama, au rafiki mwenye mdomo kama mimi. Atakuja na chakula, atacheka, na vibarua watacheka naye maana ndiye mwenye chakula. Hapo babu yako naye alikosa, niseme yote leo. Alijua, akaziba. Aliogopa kunitia aibu mbele za watu, akabeba aibu yenyewe miaka kumi. Upole wake ulikuwa mkubwa kuliko mbao. Wewe usiwe mpole hivyo. Chota ndoo, mwaga maji, waambie watazame. Wakicheka bado, funga sanduku urudi kesho wakiwa wamechoka kucheka. Na huyo mwenye mdomo usimchukie. Mara nyingi anaona haya tu na hajui aipeleke wapi.

Zuhura anasema Ijumaa atawaambia wanawake wenzake msikitini jinsi ilivyokuwa. Mimi nitasema Jumapili, baada ya matangazo. Mchungaji akinikatalia nitasema nje, kwenye mlango, sauti ninayo. Watacheka. Wacheke. Lakini wewe nilitaka ulisikie kwanza, na kabla hujapanda basi, siyo ukiwa Arusha, mahali ambapo huwezi kunitazama usoni.

Utapita hapa Bulyaga jioni kumuaga Zuhura, naye atakupa karatasi hizi. Zisome hapahapa kwake, kwenye haya mawe. Chini nimeweka dole gumba, wino umenipaka mpaka kwenye kanga.

Ukifika nyumbani usiniite. Nitakuwa nyuma. Sanduku nimelitoa chini ya kitanda, nimelifuta vumbi, nimeliweka barazani upande wa babu yako. Ndani, juu ya randa, kuna msumari wa inchi nne nimeufunga kwenye kitambaa. Ni uleule, ulikuwa kwenye lile shati lake mpaka tulipogawa nguo. Ukilibeba sanduku utakuwa umenijibu. Ukiliacha, nalo ni jibu, nitaliingiza ndani lisinyeshewe, na sitakulaumu.

Ila kabla ya kubeba au kuacha, hata kama una hasira, kaa kwanza.

Bibi yako,
Mama Tupo